Saa Nane Kamili

Walifika hospitali saa saba na nusu mchana, nusu saa kabla ya wakati, kwa sababu Bibi alikuwa mtu wa kuwahi hata mahali ambapo hakuna anayemsubiri. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na mkononi ameshika mfuko wenye shuka mbili na sabuni, kama alivyoagizwa. Jicho lake la kushoto lilishakufa miaka mingi nyuma. La kulia lilikuwa bado linaona, ila kwa tabu, nyuma ya mtoto wa jicho, na presha ya ndani yake ilikuwa ikipanda kila wiki. Hilo ndilo walilokuja kuliokoa.

Aliyemshika mkono alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee. Mtaani walimwita Dada Kopi, kwa sababu alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi, na kwa sababu alikuwa na mdomo usiomwogopa mtu. Alimfikisha Bibi kwenye dirisha la orodha, akampa muuguzi kadi. Muuguzi alishusha kalamu kwenye karatasi yake, jina baada ya jina, mpaka akalikuta la Bibi. Lilikuwa limeshakatwa.

"Mlikuwa wapi tangu asubuhi?" aliuliza.

Dada Kopi alitoa simu na kumsogezea ujumbe aliokuwa ameusoma mara kumi: *Fika hospitali saa nane kamili. Usile wala kunywa kabla ya upasuaji.*

Muuguzi aliusoma bila kushangaa, na hilo ndilo lililomchoma Dada Kopi. Alisema wao walikuwa watu wa kumi na mbili siku hiyo kuja na ujumbe wa namna hiyo. Upasuaji wa macho ulikuwa saa mbili asubuhi. Daktari alisubiri, akawapasua watatu waliojitokeza, saa nne akafunga mkoba wake akaondoka.

"Saa mbili na saa nane zimekutania wapi, dada yangu?"

"Waulize waliotuma. Sisi hatutumi ujumbe siku hizi. Inatuma kampuni."

Mengine aliyaeleza kama mtu anayesoma bei za vitu. Daktari bingwa wa jicho la namna hiyo alikuwa mmoja, na hapo alifika siku moja tu kila baada ya miezi saba. Kuanzia kesho angekuwa siku nne kwenye hospitali ya upande wa pili wa mji, lakini orodha ya huko ilikuwa imejaa, na ilishikwa na kampuni hiyohiyo ya kupanga miadi. Kwenye faili la Bibi, daktari alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba jicho lile lisipite wiki tatu bila kupasuliwa. Muuguzi aliyaonyesha maneno hayo kwa ncha ya kalamu, kisha akaita mtu mwingine.

Bibi, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake jioni, aliuliza kama sasa anaweza kunywa maji.

*

Mume wa Dada Kopi mtaa ulimwita Mtaalamu, na ulilitamka jina hilo kwa kubinua mdomo. Mchana alizunguka maofisini kutengeneza mashine za kuchapa zilizotafuna karatasi. Kila alfajiri, kabla ya chai, alikaa mbele ya kompyuta yake nzee na kufanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma wala kumlipa.

Kazi yenyewe iliitwa Saa Zetu. Kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili asubuhi kwake ni nane. Programu ya Mtaalamu ilichukua ile nane, ikatoa sita, ikaandika kwa maneno ambayo mtu mwenye akili zake angeyaelewa: saa mbili asubuhi. Ukisimuliwa hivyo utasema ni kazi ya dakika kumi, na wengi walisema hivyo. Lakini kuna saa kumi na moja ambayo mmoja huiita alfajiri na mwingine asubuhi, kuna saa kumi na mbili ambayo haijui kama ni jioni au magharibi, kuna "kasoro robo" na kuna "na ushee". Mtaalamu alikuwa amebishana na watu asiowajua juu ya mambo hayo kwa miaka tisa, kwa adabu, bila kuchoka.

Ilikuwa programu huria. Maana yake, alimweleza mkewe walipooana, ni kwamba yeyote anaweza kuifungua, kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila kuomba ruhusa, mradi tu aliache jina la aliyeitengeneza. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaiita kazi ya bure. Kiswahili kimemfadhili mtu mwenye ulimi mkali: neno hilohilo husema kitu hakina malipo na husema hakina faida, na Dada Kopi hakuwahi kulazimika kuchagua analolikusudia.

Sababu alikuwa nazo. Watu wa mbali walimwandikia mumewe kila siku kama mtumishi wa nyumbani. Mmoja alitaka nukta iondolewe. Mwingine alimfokea kwa nini hajajibu tangu juzi, wakati mradi wake wa maana unamsubiri. Shukrani zote za miaka tisa, kama angezichapa, zingeenea upande mmoja wa karatasi na nafasi ingebaki.

Usiku wa Jumatatu ileile ya hospitali, baada ya Bibi kulala na shuka zake mbili, Mtaalamu aliomba aone ule ujumbe. Aliusoma. Akafungua programu ya simu ya ile kampuni ya miadi, akashuka chini, chini kabisa, mahali ambapo hakuna mgonjwa aliyewahi kufika, akakuta kwa maandishi madogo majina yake yote matatu. Akawasha kompyuta yake. Aliiingizia Saa Zetu ile nane, ikamwandikia: saa mbili asubuhi. Alirudia mara tatu, kama mtu anayeulizia habari ya msiba.

"Wameifuta ile ya kutoa sita," alisema.

"Nani?"

"Walioichukua. Yangu inasema saa mbili. Hawa wameona nane inageuka mbili, wakadhani imekosewa, wakainyoosha, na neno asubuhi wakalikata."

"Na jina lako wameliacha."

"Jina ndilo sharti pekee."

Dada Kopi alicheka kicheko kikavu. Katika kampuni nzima yenye mawakili na kiyoyozi, sharti walilolitimiza lilikuwa moja, na ndilo lililomwachia mumewe mzigo wote mlangoni.

*

Asubuhi iliyofuata walikwenda kwenye ofisi za kampuni. Msichana wa mapokezi aliwaandikisha kwenye daftari, akawauliza wanatoka kampuni gani. Mtaalamu alisema yeye ndiye aliyetengeneza programu ya saa wanayoitumia. Msichana aliandika "fundi" akawapa vitambulisho vya wageni vya kuning'iniza shingoni. Walikaa kwenye viti vilaini mno, vile ambavyo mtu akikaa magoti yanafika kifuani, na watu waliopita waliwatazama wakiwa katika hali hiyo kwa saa nzima na ushee.

Meneja alipowaita alikuwa na simu sikioni. Aliwapa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa na kazi. Alikuwa mdogo kwa Mtaalamu kwa miaka kama kumi, na aliwaita "wapendwa wetu," jambo lililomfanya Dada Kopi aushike mkoba wake vizuri. Pembeni alikaa Mhandisi Mkuu. Vyeti vyake saba vilikuwa vimetundikwa kwenye fremu, na kimoja zaidi kilikuwa sakafuni kimeegemea ukuta kwa kukosa nafasi.

Mtaalamu alieleza tatizo kwa upole wake ule wa kuudhi, kana kwamba yeye ndiye aliyekuja kuomba radhi. Mhandisi Mkuu alimkatiza. Alisema kifaa kile cha saa walikikuta na hitilafu. Ukikiingizia nane kinaandika mbili, ukikiingizia tisa kinaandika tatu. Timu yake iliigundua hitilafu hiyo kabla ya mfumo kuzinduliwa, ikairekebisha, na kila mtu aliipongeza.

Dada Kopi alimgeukia.

"Kaka, leo umeingia kazini saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Asubuhi?"

"Ndiyo, asubuhi."

"Na hapo ulipoingia, simu yako ilikuwa imeandika ngapi?"

Mhandisi Mkuu aliigeuza simu yake kama vile jibu lingeweza kuwa limebadilika. "Nane," alisema, na sauti ikamwishia njiani.

Mtu mwingine angetafuta pa kuficha uso. Yeye alikohoa, akajiweka sawa, akasema ile saa mbili ni ya kuongea tu, mitaani, lakini kwenye mfumo mambo ni tofauti. Mtu huyo alizaliwa na mama aliyemwambia arudi nyumbani saa kumi na mbili. Alipanda vyeo saba kwa kusahau hilo, na hakuna hata mmoja kati ya wale waliompongeza aliyewahi kumuuliza swali la mwanamke wa kutoa kopi.

Meneja hakuwa mjinga. Alimwomba mwenzake akaangalie jambo fulani chini, akafunga mlango, na sauti yake ikawa laini.

"Kaka, tuseme ukweli. Hospitali wanataka jina. Bodi yao inakaa kesho. Nina wafanyakazi mia na ishirini hapa, mkataba ukivunjika wote wanakwenda nyumbani. Wewe huna cha kupoteza. Kitu ulichokitoa bure hakuna wa kukudai, na leseni yako mwenyewe inasema haina dhamana. Nimeisoma."

"Kumbe mnasoma," Dada Kopi alisema.

Meneja alitabasamu kama mtu aliyesifiwa. Alichotaka kilikuwa barua moja. Mtaalamu aandike kwamba kosa la saa lilitoka kwenye programu yake ya bure, kwamba kampuni iliipokea kwa nia njema, na kwamba yeye na jamaa zake hawatasema vinginevyo popote. Basi. Kwa upande wake, kampuni ilikuwa na nafasi mbili za dharura kwenye orodha ya daktari. Mama angeingia Alhamisi.

"Saa mbili asubuhi," aliongeza, akajichekea.

Dada Kopi alikuwa amelitamka neno "bure" juu ya kazi ya mumewe labda mara elfu. Alipolisikia kwenye mdomo wa mtu yule, alihisi kama amemkuta mgeni amevaa nguo zake za ndani. Aliona aibu, na hasira juu ya aibu, na hakujua aimwagie nani.

*

Barua ile aliichapa yeye. Nani tena angeichapa? Alikuwa amechapa barua za kuomba kazi, za kuomba radhi kwa mabosi, za kukiri wizi ambao haukufanyika, na aliyajua maneno ya unyonge kwa mpangilio wake. Alifunga pazia la kibanda ingawa ilikuwa mchana, akamwambia mteja aliyegonga kwamba mashine imekwama.

"Sichapi," alisema, vidole vikiwa tayari vimekaa mahali pake. "Miaka yote nimekuambia uiache, hukuiacha. Leo nakuambia uishike, unaiachia."

"Siiachii. Inabaki ileile. Anayetaka kuifungua atasoma aone kwamba inatoa sita."

"Nani atafungua? Watu kumi na wawili waliokosa upasuaji, nani kati yao atafungua? Watasoma barua."

Mtaalamu alijua hivyo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, kama yeyote aliyewahi kukaa pale akisubiri uongo wake uandikwe vizuri.

"Mama ana jicho moja," alisema. "Majina ninayo matatu."

Dada Kopi alianza kuchapa. *Mimi niliyetia sahihi hapa chini nakiri kwamba hitilafu iliyojitokeza katika ujumbe wa miadi.* Alichapa kwa kasi na kwa kishindo, na mumewe alimfuata kwa macho mpaka kwenye mstari wa nne.

"Hapo usiandike bure. Andika huria."

"Unakiri kosa lisilo lako, halafu unagombania neno?"

"Hilo moja tu."

Aliandika huria. Meneja alikuwa ametuma mfano wa barua wenye neno bure, lakini Meneja na aende zake. Mashine iliitoa karatasi ikiwa na joto, na Mtaalamu alitia sahihi. Chini yake palikuwa na mstari wa pili, wa jamaa, uliokuwa unasubiri. Dada Kopi aliutazama mstari ule kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama karatasi yoyote, kisha akatia sahihi yake pia, kwa mwandiko mbaya makusudi. Huo ndio ulikuwa ushujaa wake wote wa siku ile. Walikubaliana kwamba Bibi aambiwe tu kuwa Meneja wa kampuni amemfanyia hisani.

*

Bibi alipasuliwa Alhamisi. Kati ya wale kumi na wawili, waliopata nafasi walikuwa yeye na mtu mwingine mmoja, ambaye walisikia ni shemeji wa mjumbe wa bodi. Kumi waliambiwa wasubiri miezi saba. Dada Kopi aliwahesabu kichwani mara nyingi wiki hiyo wala hakumwambia mumewe, naye mumewe bila shaka alikuwa akiwahesabu vilevile.

Barua haikukaa hata siku mbili kabla ya kusambaa. Wale wa mbali waliozoea kumwagiza Mtaalamu sasa walimtukana, na walikuwa na muda wa kutosha kwa hilo. Mmoja aliandika kwamba hii ndiyo hatari ya kutumia vitu vya watu wasio na sifa. Chuo kimoja kilichokuwa kimemwalika kuzungumza kilimwandikia kwamba ratiba imebana. Maofisi mawili yaliacha kumwita kutengeneza mashine zao, kana kwamba mashine za kuchapa nazo zingeambukizwa. Hakumjibu yeyote. Ahadi ilikuwa ahadi, na yeye alikuwa mtu wa namna hiyo, Mungu amsaidie.

Kampuni nayo ilitangaza kifaa kipya cha saa, kilichobuniwa na wataalamu wake wa ndani chini ya Mhandisi Mkuu. Mtaalamu alikijaribu kwenye simu ya mkewe. Kilitoa sita. Saa kumi na moja kiliiita alfajiri, neno kwa neno kama alivyoamua yeye baada ya mabishano ya miezi minne. Alishuka chini kabisa, kwenye maandishi madogo. Safari hii jina lake halikuwepo.

"Sasa hata hilo," Dada Kopi alisema.

Mtaalamu aliizima simu, akamrudishia, akamwomba chai.

*

Siku ya kwenda kukaguliwa jicho kwenye hospitali ile ya kwanza, bandeji ilitolewa na muuguzi yuleyule wa orodha. Bibi alipepesa, akatokwa na machozi, akapepesa tena. Aliutazama uso wa mwanawe kwa karibu mno, akamwambia amekonda na ndevu zimeanza mvi. Alimtazama mkwewe akasema gauni lile halimpendezi, alikuwa anataka kumwambia tangu zamani ila hakuwa na uhakika. Wote wanne walicheka, hata muuguzi.

Alipofika kwenye korido hakutaka kushikwa. Alikuwa akisoma. Alisoma kila kilichoandikwa, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyepewa kitabu kipya: Maabara. Njia ya kutokea. Usiteme mate. Choo cha wagonjwa pekee. Watu waliokaa kwenye mabenchi walimtazama kwa tabasamu, na yeye alijua wanamtazama na akaongeza sauti.

Ubao wa matangazo ulikuwa mwisho wa korido. Dada Kopi aliuona kwanza. Aliharakisha, akasimama mbele yake, akasema mama, twende, jua litakuwa kali. Bibi alimsogeza kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayesogeza pazia.

"Taarifa kwa wagonjwa," alisoma. "Uongozi unawaomba radhi wote waliokosa upasuaji kutokana na hitilafu ya saa. Uchunguzi umebaini kwamba hitilafu hiyo ilitokana na programu ya bure iliyotengenezwa na..."

Hapo alisimama. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Kisha aliyasoma majina matatu ya mwanawe, moja moja. La kwanza alikuwa amempa yeye mwenyewe.

Kwenye benchi mzee mmoja aliinua kichwa. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe, na uso aliuelekeza mahali sauti ilipotokea.

"Huyo ndiye aliyetupofusha," alisema mzee yule. "Anajulikana? Ana familia?"

Bibi alimgeukia mwanawe. Alikuwa na jicho zuri sasa, jeusi, safi, lililoona kila kitu.

"Ni wewe?"

Mtaalamu alimtazama mkewe, na mkewe aliona kwamba hamwombi msaada, anamwomba anyamaze. Pembeni yao, muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na faili mkononi.

"Ni mimi, mama."

Bibi alitikisa kichwa polepole. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba alijua siku nyingi ile kompyuta ya alfajiri ingewaletea balaa, na kwamba mkwewe alikuwa akimwonya kila siku, yeye mwenyewe akisikia kutoka chumbani, lakini mwana hakumsikiliza. Dada Kopi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yote pale, yamepangana, na hakuna hata moja aliloruhusiwa.

"Na yule Meneja," Bibi aliendelea, "umemharibia kazi yake, naye akakusamehe, akanipa mimi nafasi kabla ya watu wote hawa. Mtu wa heshima kiasi hicho. Hata asante hukumpelekea, maana nakujua." Aliushika mkono wa mkwewe. "Kesho unipeleke nikamshukuru. Na unichapie barua nzuri ya kumpa."

"Haya, mama," alisema Dada Kopi.